Kofia Isiyozuia Mvua

Karatasi ya mraba haitoi kofia hii. Ukiikunja katikati, kisha ukashusha pembe mbili za juu zikutane kwenye mstari wa kati, unabaki na pembetatu tupu isiyo na kitu chini yake. Pasipo kitu hapo chini hakuna ukingo, na pasipo ukingo kofia haifunguki ikakaa kichwani. Mstatili ndio unaobakiza ukanda mwembamba chini ya pembetatu. Ukanda huo mtoto anaukunja juu, upande huu kisha upande wa pili, halafu anatia vidole gumba ndani na kuipanua. Hapo ndipo kelele huanza.

Kelele hizo nazifahamu kutoka darasa moja la chekechea nje kidogo ya Fort Ternan, ambako mimi huenda kumsaidia mwalimu siku za kazi za mikono. Watoto wa PP2, wengi wao wa miaka 5, hawajasikia habari za uwiano wa urefu na upana. Hata hivyo, mtoto aliyekunja kofia mbili tatu ataokota karatasi, ataiangalia, ataipima kwa macho, kisha atairudisha sakafuni: "Mwalimu, hii itakataa." Na kweli itakataa. Hakuna aliyemwambia kwa maneno, wala hawezi kueleza amejuaje. Mimi nikimsikia akisema hivyo huona kwamba somo la hesabu limekwisha kuingia kabla ya mwalimu wa hesabu kufika, na huwa nafurahi kwa namna ambayo ubao uliojaa tarakimu haujawahi kunifurahisha.

Nimekaa na jambo hili dogo kwa muda mrefu, na kinachonivuta ni kwamba kofia ni miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo mtoto anavitengeneza shuleni kwa kipimo cha mwili wa mtu. Nyumba aliyoichora hataingia mtu kulala. Ng'ombe wa udongo hakamwi. Kofia lazima ivaliwe, na ikivaliwa ukweli unajulikana papo hapo: imemtosha au haikumtosha. Haisubiri alama ya mwalimu.

Kichwa cha mtoto wa miaka 5 kina mzunguko wa sentimita 50 hivi. Karatasi ya kawaida ya ofisini, ile ya A4, ukiikunja kwa njia hii hutoa kofia yenye mdomo wa sentimita 42, mara mbili ya ule upana wake wa 21. Hiyo inamtosha mdogo wake mchanga anayebebwa mgongoni. Karatasi yenye ukubwa maradufu, A3, inatoa karibu 60, nayo hukaa juu ya masikio vizuri, ikilegea kidogo. Katika vipimo hivi kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii: kichwa hukua mapema kuliko sehemu nyingine za mwili. Mtoto wa miaka 5 ana mikono mifupi na miguu mifupi, lakini kichwa chake kimeshafika karibu sehemu 9 kwa 10 za kichwa cha mtu mzima. Kofia aliyojikunjia yeye itamtosha mama yake. Kati ya vitu vyote anavyovaa mtoto huyo, ni kimoja tu ambacho mama anaweza kukivua kichwani mwa mwanawe na kukivaa palepale.

Karatasi inatoka wapi? Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, maana mkunjo unafundishwa kwa dakika chache, lakini karatasi inatafutwa wiki nzima.

Kila aliyesoma Kenya anaijua karatasi ya katikati. Daftari limeshikwa kwa pini mbili, na karatasi iliyo katikati ndiyo pekee inayoweza kuchomolewa pasipo nyingine kulegea upande wa pili. Ukirarua ukurasa mahali pengine popote, mwenzake wa upande wa pili atachomoka siku yoyote, na mwalimu atajua. Kwa hiyo vizazi na vizazi vya watoto vimetengeneza ndege, mashua, pochi na kofia kutokana na karatasi ya katikati. Daftari dogo hutoa kofia ya mwanasesere. Daftari kubwa, la ndugu aliye sekondari, hutoa kofia ya mtu, na ndiyo sababu madaftari makubwa hukonda katikati bila mwenyewe kuelewa.

Gazeti lilikuwa bora zaidi. Ukurasa mmoja wa gazeti kama Taifa Leo unakaribia ukubwa unaotakiwa, na karatasi yake ni laini, inakubali mkunjo kwa ukucha wa mtoto, haimlazimishi kutumia nguvu asizo nazo. Tatizo ni kwamba gazeti kuukuu halikuwahi kuwa taka. Lilikuwa na kazi: kufungia nyama buchani, kufungia mandazi, kubandikwa ukutani lizuie upepo wa usiku, kuwashia moto. Kofia ya mtoto ilikuwa ya mwisho kwenye foleni. Siku hizi habari zinasomwa kwenye simu, magazeti yanayofika vijijini yamepungua, na karatasi ile laini imeadimika kwa sababu ambayo haihusiani na nyama wala moto.

Kilichobaki kwa wingi ni pakiti ya unga. Unga wa mahindi wa kilo 2 huja katika mfuko wa karatasi imara, na karibu kila nyumba huupata mfuko huo mtupu mara kwa mara. Unaufungua taratibu pale palipogundishwa mgongoni na chini, unaunyoosha, na unapata karatasi inayosogea karibu na mraba kuliko gazeti. Ukingo wake kwa hiyo huwa mwembamba, na vidole vidogo hupata taabu kuukunja, ila kofia ikishasimama haianguki. Wengine huigeuza maandishi yakawa ndani. Wengine wanayataka nje, kwa sababu ya rangi. Hata upanguse vipi, unga kidogo hubaki kwenye mikunjo, na baada ya muda watoto wanavua kofia wakiwa na mvi. Mmoja alikimbia kwa mwenzake akamwambia amwamkie, yeye sasa ni kogo, yaani bibi, na mwenzake akainama akampa shikamoo kamili. Bibi yule wa miaka 5 aliipokea kwa heshima yote.

Hili la kuwa mtu mwingine nataka kulikalia kidogo.

Fort Ternan iko pale Kaunti ya Kericho inapoteremka kuelekea Koru na Muhoroni. Mtu wa mbali akisikia Kericho huona chai, na chai ipo, lakini iko juu, kwenye baridi ya karibu mita 2,000, ambako mashamba yanaenda mpaka macho yachoke. Huku chini kuna joto, kuna miwa na kahawa. Watu hupanda na kushuka kufuata kazi, na ukisimama barabarani alfajiri utaona kwamba huku ni mahali pa vichwa vilivyofunikwa. Mchuma majani anafunga kitambaa na kuweka kofia pana juu yake, na kiunoni ana aproni nzito ya plastiki, maana umande wa mchai humlowesha mtu kama amevuka mto. Mkata miwa anafunika kichwa kwa ajili ya jua na masizi. Mtu wa bodaboda ana helmeti, au anapaswa kuwa nayo. Chifu ana kofia yake ya kaki inayomtambulisha kabla hajafungua mdomo. Mwishoni mwa mwaka 1901 reli ilipofika Kisumu ilikuwa imepita katika bonde hili, na pamoja nayo ilikuja kofia ya mkuu wa stesheni. Hata jina la mahali hapa limetoka chini ya kofia ya askari: Trevor Ternan alikuwa ofisa wa jeshi la Kiingereza aliyekaimu ukamishna wa Uganda miaka ya mwisho ya karne ya 19, wakati upande huu wote ulikuwa bado unahesabiwa kuwa Uganda. Mwaka 1902 mpaka ulisogezwa, watu wakajikuta upande wa pili bila kuhama, na jina la ofisa likabaki.

Kofia zote hizo mtu huvaa kwa sababu ametumwa, au ameajiriwa, au anajikinga. Kofia ya karatasi haimkingi mtoto na lolote. Jua linaipenya, mvua inaila, upepo unaichukua. Hakuna aliyemtuma kuivaa. Ndiyo maana anaweza kuwa chochote ndani yake: nahodha, daktari, kogo, askari wa trafiki anayesimamisha madawati. Mtu mzima huvaa kofia akaonekana yeye ni nani kwa wengine, na kazi ikiisha huivua. Mtoto huikunja kwanza, kisha ndipo anaamua yeye ni nani leo. Kuna uhuru humo ambao wazazi wake, kwa jinsi maisha yao yalivyobanwa na kilo za majani na tani za miwa, hawaupati kirahisi, na nadhani ndiyo sababu wengi wao, wakija kumchukua mtoto na kumkuta amevaa kofia, hawamwambii aivue.

Pale Fort Ternan, mahali penyewe panatuuliza habari za mikono. Mwaka 1961 Louis Leakey alichimba katika shamba la mkulima mmoja aliyeitwa Fred Wicker, ambaye alikuwa amekuta mifupa iliyogeuka mawe kwenye ardhi yake. Kati ya vilivyopatikana kulikuwa na taya na meno ya kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka milioni 14 hivi iliyopita. Mwaka uliofuata Leakey alimpa jina la Kenyapithecus wickeri, nchi na mkulima wakaingia pamoja katika vitabu vya sayansi. Mwaka 1968 alikwenda mbali zaidi: alidai kwamba jiwe moja la volkano lililokutwa pale, likiwa limegongeka ukingoni, lilitumiwa na kiumbe huyo kuvunjia mifupa. Wataalamu wengi hawakukubaliana naye, nami sioni kama walikosea. Lakini ninaelewa alichokuwa akikitafuta. Alikuwa akitafuta siku ambayo mkono ulishika kitu ukakigeuza kuwa kitu kingine, na alitamani siku hiyo iwe ilipambazukia hapa.

Mahali hapohapo, katika majivu yaliyotupwa na volkano ya kale, watafiti walikuta pia nyasi. Majivu yalizifunika zikiwa zimesimama, zikagandishwa, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1990. Nilipowahadithia watoto kwamba karatasi hutokana na nyuzi za mimea, na kwamba hata muwa, ambao ni nyasi kubwa, makapi yake hufanywa karatasi huko India, mmoja alinusa kofia yake kuhakikisha. Sikumkatiza. Anaishi karibu na nyasi za miaka milioni 14 na amevaa mmea kichwani, na kunusa ni njia nzuri ya kuanza kuyafikiria mambo hayo.

Mkunjo huu haukuanzia hapa, na si vibaya watoto wakajua wana wenzao. Wajapani hukunja magazeti kuwa kofia ya vita yenye pembe mbili, kabuto, kwa ajili ya Siku ya Watoto, tarehe 5 Mei. Yao inaanza na mraba, kwa mikunjo mingi zaidi kuliko yetu. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefungua kituo chake cha watoto wadogo pale Blankenburg mwaka 1837 na baadaye kukipa jina ambalo dunia nzima sasa inaita kindagateni, aliweka ukunjaji wa karatasi kati ya kazi za kila siku za mtoto. Aliamini mkono unafikiri. Na hapo zamani wafanyakazi wa viwanda vya uchapaji Ulaya na Marekani walikunja kofia za gazeti walilochapa wenyewe, za umbo la sanduku, kuzuia wino na mafuta visiingie nyweleni. Mwisho wa zamu walizitupa. Hao ndio nawapenda zaidi. Kofia yao ilikuwa ya kazi kweli, lakini waliitengeneza wenyewe kila asubuhi, na haikuwa na nembo ya mwajiri.

Sasa niseme linaloniuma.

Mtaala wa Umilisi, ambao ulianza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, uliirudisha sanaa na kazi za mikono darasani, na kwa hilo nitaushukuru daima. Kabla yake, mtoto wa Kenya angeweza kupita shule ya msingi yote akikunja karatasi kwa siri tu. Mtaala huo unahimiza vifaa vinavyopatikana katika mazingira ya mtoto. Pakiti ya unga ni mazingira ya mtoto. Gazeti la buchani ni mazingira ya mtoto. Lakini kati ya mtaala na mtoto kuna jioni, na jioni ina mambo yake. Mtoto anafika nyumbani na ujumbe kwamba kesho alete kofia. Mama ametoka mashambani na mgongo unamuuma. Anasikia neno "alama" na anaogopa, kwa sababu maisha yamemfundisha kwamba mtoto wa maskini hapewi nafasi ya pili. Anamtuma mkubwa dukani akanunue karatasi ya manila na gundi. Baba, akiwa na uwezo, anapita saiba na kuchapisha picha ya taji lenye rangi. Usiku, mtoto akiwa amelala, watu wazima wawili wenye uchovu wanakata na kubandika chini ya taa. Asubuhi kofia inafika shuleni ikiwa imenyooka, inang'aa, inapigwa picha, picha inatumwa.

Mtoto mwenyewe amesimama chini ya kofia hiyo kama aliyeazimwa. Mwambie aikunjue na kuikunja tena, hawezi. Mwambie amtengenezee rafiki yake, atakuangalia tu. Nimemwona mtoto akikataa kucheza ili kofia isiharibike, na sijui kama kuna kinyume kikubwa zaidi cha kofia ya karatasi kuliko huo.

Mzazi simlaumu hata kidogo. Alichofanya usiku ule ni upendo, na ulimgharimu hela na usingizi. Wala mwalimu mwenye watoto wengi na ripoti nyingi simlaumu. Ninachokiomba ni kwamba kofia isitumwe nyumbani kabisa. Ikunjiwe darasani, sakafuni, kwa karatasi ambayo shule imeikusanya, na mtoto aachwe na pembe zake zisizokutana. Pembe zisipokutana kofia inapinda upande mmoja, na hilo halina madhara. Mwalimu akitaka cha kuandika kwenye ripoti, aandike mtoto alifanya nini kofia ilipokataa: aliitupa, alilia, aliifungua akaanza upya, alimwomba jirani amshikie kona. Mambo hayo yanamweleza mtoto kuliko picha ya taji.

Na umbo la pia, lile la kofia ndefu yenye ncha, nalo lifanyike kwa mkono. Nusu duara inazungushwa mpaka kingo zipandane, na gundi ni uji mzito wa unga wa ngano, uliopikwa asubuhi na kuachwa upoe. Uji huo ni bora kuliko gundi ya dukani kwa sababu haukauki haraka, unampa mtoto muda wa kubadili mawazo. Kuhusu taji, yaani ukanda unaozunguka kichwa, nina shauri moja tu: mwalimu asikate mikanda yote kwa kipimo kimoja. Azungushe ukanda kwenye kichwa cha kila mtoto, mmoja mmoja, na kuweka alama ya penseli mahali ncha zinapokutana. Inachukua muda mrefu. Darasa linapiga kelele. Lakini kila mtoto amesimama kimya kwa muda mfupi huku mtu mzima ameshika kichwa chake kwa mikono miwili akiangalia kilivyo, na wapo watoto ambao wiki nzima hakuna aliyewashika kichwa isipokuwa kwa kunyoa.

Mikono yenyewe haina uhakika wa kesho katika nchi hii ya chai. Mashine za kuchuma majani zimeingia katika mashamba makubwa ya Kericho, kila moja ikifanya kazi ya watu wengi, na Mei 2023 maandamano dhidi yake yaliishia kwa mashine kuchomwa moto na mtu kupoteza maisha. Sitasema kwamba kofia ya karatasi inajibu swali hilo. Ninachosema ni kwamba watoto hawa ni watoto wa watu ambao mikono yao imeuzwa kwa kilo tangu mababu, na sasa wanaambiwa hata kwa kilo haitakiwi tena. Mtoto huyo anastahili mahali pamoja, angalau pamoja, ambapo mkono wake unafanya kitu kisichopimwa na mtu mwingine.

Kuna uzuri mwingine ambao nilichelewa kuuona, wa kofia za gazeti hasa. Uchaguzi ukikaribia, magari ya wagombea hupita yakigawa kofia za vyama, na watoto huzivaa. Hapa kwetu kofia ya chama si kitu kidogo. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa 2007, nyumba zilichomwa Kipkelion na vijiji vya karibu, na maelfu ya watu walijificha kwenye monasteri ya watawa pale Kipkelion. Fort Ternan iko mpakani, Kericho huku na Kisumu kule, na darasani mwetu wamo watoto wenye majina ya Kikipsigis, ya Kijaluo, ya Kiluhya, ya Kikisii. Karatasi ikitandazwa sakafuni, sura za viongozi wetu zipo pale, kubwa, za rangi. Watoto huchagua kurasa kwa rangi tu. Mikunjo inapita popote inapopita. Sura ya mheshimiwa mmoja inaangukia ukingoni na ya hasimu wake inaingia ndani ya kofia hiyohiyo, shavu kwa shavu, na mwenye kofia hajui yeyote kati yao. Kisha wanabadilishana. Jina halijaandikwa, kwa hiyo hakuna kofia ya fulani. Huwatazama wakibadilishana na kuomba, kwa maneno ninayoyaweka moyoni, kwamba wakae hivyo muda mrefu iwezekanavyo.

Mchana mawingu hujikusanya juu, upande wa chai. Mvua ya nchi hii haina utani. Upande huo wa chai ni moja ya sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi, na mkulima wa chai anaweza kupoteza majani ya wiki kadhaa kwa dakika chache. Mtoto anayetoka shule na kofia ya karatasi hafiki nayo mbali. Kwanza niliwahi kufikiria kuwashauri waziweke kwenye mifuko, walimu wengine hufanya hivyo, lakini sasa nashauri waende nazo kichwani. Ikilowa, ataona jinsi karatasi inavyorudi kuwa uji. Na hatahuzunika sana, kwa sababu anajua kuifanya nyingine. Huzuni kubwa ya kupotelewa na kitu huwa ya yule asiyejua kilitengenezwaje. Lile taji la saiba likinyeshewa, mtoto hulia kweli, na ana haki ya kulia, maana kwake limekwisha moja kwa moja.

Kilichobaki ni suala la karatasi. Januari maduka hutundika kalenda mpya, zile kubwa za ukutani zenye picha za ng'ombe, makanisa au maporomoko ya maji, na za mwaka uliopita hazina kazi tena. Karatasi yake ni nzito kuliko gazeti na inang'aa upande mmoja, kwa hiyo mkunjo unataka kusuguliwa kwa mgongo wa kijiko. Ila kalenda kubwa ikikatwa katikati inatoa kofia mbili, na upande wake wa nyuma ni mweupe kabisa, mtoto anaweza kuchora. Nimeshaongea na wenye maduka pale stendi, na mwenye bucha mmoja amekubali. Mwalimu anasema tukipata kalenda za kutosha darasa zima, PP1 nao waruhusiwe mwaka huu, ingawa ni wadogo na pembe zao hazitakutana.